Maswali ya Wasomaji: Dawa za Kumimina Kwenye Oili ya Injini

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni dawa zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri na vituo vya mafuta ili zimiminwe ndani ya oili ya injini, zikiahidi kuondoa moshi, kunyamazisha kelele, kuziba uvujaji au kurefusha maisha ya injini. Kwa kuwa wengi wa walioandika wanaitegemea gari au pikipiki yao kupata riziki, tumejibu kwa kirefu pale ambapo jibu fupi lingeweza kumpotosha mtu.

Nina Toyota Harrier yenye injini ya 2AZ-FE ambayo inakula oili kiasi kwamba kila baada ya kilomita 1,500 hivi hulazimika kuongeza lita moja. Muuza vipuri alinishauri niweke chupa ya dawa nzito ya oili, na kweli moshi wa bluu umepungua na injini imetulia. Fundi wangu anasema nimeiumiza injini. Nimwamini nani? (Msomaji, Dodoma)

Ndugu msomaji, muuza vipuri hakukudanganya kuhusu moshi, lakini fundi wako ameona mbali zaidi yake. Dawa nyingi za aina hiyo ni mafuta mazito yaliyochanganywa na polima, na kazi yake kubwa ni kuongeza mnato wa oili uliyo nayo. Oili ikiwa nzito, ile inayopenya pembeni ya ringi za pistoni na kuungua hupungua, na utando uliopo kati ya vyuma vilivyolika huwa mnene kiasi cha kufunika mlio. Ringi zilizonasa zimebaki zimenasa vilevile, na sili za valvu zilizokauka hazijapona. Kilichoondoka ni dalili, na dalili ndiyo iliyokuwa ikikuambia uende gereji.

Mnato wa oili hupangwa kwa kanuni ya SAE J300, ya chama cha wahandisi wa magari. Oili yenye namba 30 mwishoni, kama vile 5W-30, ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi inatakiwa kuwa na mnato usiopungua sentistoki 9.3 na usiofika 12.5, ile ya 40 huanzia 12.5 na kuishia kabla ya 16.3, na ile ya 50 huanzia hapo na kuishia kabla ya 21.9. Ukiongeza chupa ya mafuta mazito, mchanganyiko ulio ndani ya injini yako unaweza kuhama daraja zima au zaidi pasipo wewe kujua umefika wapi, na namba iliyoandikwa kwenye galoni haikuelezi tena chochote. Madhara yake huonekana zaidi asubuhi. Oili nzito na baridi huchelewa kufika juu kwenye kemshafti, yaani shafti inayofungua valvu, na inapokutana na filta hukutana na upinzani mkubwa, hivyo valvu ya pembeni ya filta hufunguka na oili ikapita bila kuchujwa. Injini yako pia ina mfumo wa VVT-i, ambao hutumia shinikizo la oili kupita kwenye njia nyembamba ili kubadili wakati wa kufunguka kwa valvu, na mfumo huo ulipimwa kwa oili ya mnato maalumu. Wapo wanaofurahi kuona geji ya oili imepanda baada ya kuweka dawa, lakini geji hiyo husoma ugumu wa oili kupita, na inaweza kupanda wakati ambapo beringi zinapata oili kidogo kuliko awali.

Kuna jambo jingine linalohusu injini yako hasa. Ulaji wa oili wa 2AZ-FE unajulikana sana, na chanzo chake katika injini nyingi za aina hiyo ni pistoni na ringi za oili ambazo matundu yake ya kurudisha oili huziba kwa kaboni. Nchini Marekani, Toyota iliweka mpango wa kubadilisha pistoni na ringi kwa baadhi ya magari ya injini hiyo yaliyotoka miaka ya 2007 hadi 2009, na kipimo walichotumia kilikuwa kupoteza takribani lita moja kwa kila maili 1,200, yaani karibu kilomita 1,900. Kwa kipimo hicho, gari lako lingeingia kwenye mpango. Polima zilizomo kwenye dawa nzito, zinapopata joto kali la ringi, zenyewe huacha masalia yanayoganda, kwa hiyo dawa uliyoiweka inaweza kuongeza uchafu uleule uliouanzisha ugonjwa.

Ushauri wangu ni kwamba umwage oili hiyo mapema pamoja na kubadilisha filta, urudi kwenye mnato ulioandikwa katika kitabu cha gari, kisha fundi akague mambo matatu kabla ya kufungua injini. Kwanza aangalie valvu ya kupumulia injini, ile inayorudisha gesi za kwenye krenki kwenye njia ya hewa, kwa sababu ikiziba husukuma oili nje, na kuibadilisha ni kazi ndogo isiyo na gharama kubwa. Pili, mtazame moshi unatoka lini: unaotoka kwa sekunde chache gari linapowashwa baada ya kulala huelekeza kwenye sili za valvu, na unaotoka mfululizo unapovuta mwendo huelekeza kwenye ringi. Tatu apime kompresheni ya kila silinda, akikumbuka kwamba ringi za oili zinaweza kunasa huku kompresheni ikisoma vizuri.

Hadi utakapopata fedha ya matengenezo, endelea kuongeza oili ileile iliyomo, na uchomoe dipstiki kila unapojaza petroli. Usiache jambo hili kwa miaka, kwa kuwa fosforasi iliyomo ndani ya oili inayoungua huiua polepole kataliti, kifaa ghali cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi.

Muuzaji ameniambia kwamba oili za siku hizi zimepunguzwa nguvu ili ziuzwe bei nafuu, ndiyo maana lazima mtu aongeze dawa. Je, ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Si kweli, dada, na ni vyema uelewe kwa nini, maana ukielewa jambo hili maswali mengine mengi yatajijibu yenyewe. Oili unayoinunua kwenye galoni tayari ina dawa ndani yake. Sehemu kubwa ni mafuta ya msingi, na sehemu iliyobaki, ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 10 na 30, ni kemikali zilizowekwa kwa hesabu: zipo zinazosafisha, mara nyingi za kalisiamu au magnesiamu, zipo zinazobeba masizi yasigande pamoja, zipo zinazozuia povu, kutu na kuoza kwa oili kwa joto, zipo zinazoshika mnato, na ipo ile ya zinki na fosforasi inayoitwa ZDDP, ambayo hujenga utando mwembamba juu ya chuma na kukilinda pale ambapo vyuma viwili vinagusana.

Ugumu uko hapa: kemikali nyingi kati ya hizo hufanya kazi kwa kujishika kwenye uso wa chuma, na uso huo ni mmoja. ZDDP, visafishaji na vipunguza msuguano hushindania nafasi. Mtengenezaji hutafuta uwiano ambao kila moja itapata nafasi ya kutosha, kisha huujaribu mchanganyiko mzima ndani ya injini halisi ili upate daraja la ubora kama API SP la Marekani, lililoanza mwaka 2020, au madaraja ya ACEA ya Ulaya. Mtu anapoongeza kisafishaji kingi kutoka kwenye chupa, anaweza kukisukuma nje kile kinachozuia kulika kwa chuma. Akiongeza kipunguza msuguano kupita kiasi, huenda asipate faida yoyote, na kinachozidi kinaweza kutengana na oili na kutulia chini ya sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Oili yako ilijaribiwa na ikafaulu jinsi ilivyo. Mchanganyiko wako na chupa ile haukujaribiwa na mtu yeyote.

Hata kuongeza zinki na fosforasi, kemikali ambazo kweli hulinda chuma, kuna kikomo. Oili nyepesi za petroli za madaraja ya sasa huruhusiwa kuwa na fosforasi isiyozidi asilimia 0.08, na pia isiyopungua asilimia 0.06. Kikomo cha juu ni kwa ajili ya kataliti na cha chini ni kwa ajili ya kulinda chuma. Hayo si mapunguzo ya kubana matumizi. Ukitaka oili bora zaidi, nunua oili bora zaidi, yenye daraja la juu linalokubalika katika kitabu cha gari lako, na uinunue kwa muuzaji anayeaminika kwa sababu galoni bandia zipo sokoni.

Nimeona maonyesho ambapo injini iliyowekewa dawa inamwagwa oili yote na bado inaunguruma. Mtangazaji anasema dawa imepaka chuma kwa plastiki ile ya vikaango. Nashawishika kununua. (Msomaji, Nakuru)

Ndugu yangu, tafadhali subiri kwanza. Plastiki hiyo ni PTFE. Kwenye kikaango hushikwa kwa kuandaa uso wa chuma, kupaka, kisha kuoka kwenye joto linalozidi nyuzi 350 za Selsiasi. Oili ya injini katika safari ya kawaida huzunguka kwenye nyuzi 100 au zaidi kidogo, na chuma cha ndani kimelowa mafuta muda wote. Chembe za PTFE zilizomiminwa humo hubaki kuwa chembe zinazoelea. Zinakwenda kokote oili inakokwenda, zikiwemo filta na njia nyembamba, na hapo ndipo wasiwasi wa mafundi ulipoanzia.

Kuhusu injini inayounguruma bila oili, zingatia kwamba haibebi mzigo wowote. Injini iliyotoka kumwagwa bado ina utando wa oili kwenye beringi na kuta za silinda, na ikiwa inazunguka taratibu bila kuvuta gari inaweza kuendelea kwa muda hata kama haikuwekewa dawa yoyote. Jambo la kuulizwa ni hali ya beringi zake baada ya hapo, na beringi hizo hazionyeshwi kwa watazamaji. Onyesho jingine linalopendwa ni lile la kipande cha chuma kinachokandamizwa kwenye gurudumu linalozunguka. Kipimo hicho hufaa zaidi kwa grisi na mafuta ya gia, ambako vyuma hukandamizana kwa nguvu kubwa, ilhali beringi za krenki huelea juu ya oili inayosukumwa na pampu. Baadhi ya dawa zinazong'ara kwenye jaribio hilo hutumia kemikali za klorini, ambazo ndani ya injini yenye joto na unyevu zinaweza kutoa asidi inayokula chuma.

Mambo haya yamefika hadi mbele ya wasimamizi wa biashara. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwashitaki watengenezaji wa Slick 50, dawa yenye PTFE iliyokuwa ikiuzwa mno, kwa kudai bila ushahidi wa kutosha kwamba inapunguza kulika kwa injini, na pia kwa kuwaambia wateja kuwa injini kwa kawaida hukosa ulinzi wakati wa kuwashwa. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1997. Dura Lube na zMax nazo zilifikishwa mbele ya tume hiyo kwa madai ya namna hiyo. Mashauri hayo yalihusu maneno ya matangazo, na hayathibitishi kwamba kila chupa iliyouzwa iliharibu injini. Hata hivyo, kampuni zenye uwezo mkubwa wa kifedha zilipotakiwa kuonyesha ushahidi wa ahadi zao, ushahidi huo haukuonekana kutosha. Mtangazaji uliyemwona anarudia ahadi zilezile, na ninakuomba fedha yako uitumie kwa filta na oili.

Mimi ni mwendesha bodaboda. Niliweka kwenye pikipiki dawa ya kupunguza msuguano iliyotengenezwa kwa ajili ya magari. Sasa nikipanda mlima na abiria, injini inalia kwa nguvu lakini pikipiki haivuti. (Msomaji, Kisumu)

Ndugu, klachi yako inateleza, na dawa hiyo ndiyo ninayoishuku kwanza. Kwenye gari, klachi iko nje ya oili ya injini. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, oili moja hulainisha injini, gia na klachi, na pleti za klachi zinaogelea ndani yake zikitegemea msuguano ili zishikane. Kitu kinachopunguza msuguano kwenye oili hiyo kinakunyang'anya nguvu ya kuvuta. Kwa sababu hiyo Wajapani waliweka kipimo cha JASO, ambapo oili ya MA au MA2 inafaa klachi ya namna hii, na ile ya MB ina msuguano mdogo na haifai. Onyo hili linahusu pia baadhi ya oili za magari zilizotengenezwa kuokoa mafuta, hata kama hujaongeza dawa.

Mwaga oili leo ikiwa ya moto, weka ya JASO MA yenye mnato unaotakiwa, endesha siku chache bila kubeba mizigo mizito, kisha uimwage tena na kuweka nyingine ili mabaki ya dawa yatoke. Rekebisha pia uchezaji wa waya wa klachi. Ikiwa baada ya hapo bado inateleza, pleti zimeshanyonya dawa au zimeungua na itabidi zibadilishwe. Usiendelee kubeba abiria kwenye miteremko na milima kabla ya hapo, kwa kuwa klachi inayoachia katikati ya kupita lori ni hatari kwa maisha yenu wote wawili.

Nimenunua gari lililotumika na sijui lilihudumiwa vipi. Chini ya kifuniko cha oili kuna tope jeusi. Fundi anataka kuweka dawa ya kusafisha injini kabla ya kumwaga oili. (Msomaji, Tanga)

Katika dawa zote tulizoulizwa, hii ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa gari la aina yako, ingawa hutumiwa kwa nia njema kabisa. Dawa hizi huwa na viyeyushi vikali vinavyofanya kazi kwa dakika chache injini ikiunguruma bila mwendo. Kwenye injini safi hazina la kufanya. Kwenye injini yenye tope la miaka, haziliyeyushi lote. Hulegeza mapande yake, na mapande hayo husafiri hadi kwenye chujio la waya lililo mdomoni mwa pampu, ndani ya sampo, na kuliziba. Pampu ikikosa oili, beringi huharibika kwa muda mfupi sana, na mwenye gari huambiwa kuwa injini ilikuwa imechoka. Aidha, si oili yote hutoka inapomwagwa, hivyo sehemu ya kiyeyushi hubaki na kuipunguzia mnato oili mpya.

Mwombe fundi afungue sampo, alisafishe kwa mikono pamoja na chujio la pampu, kisha aweke oili nzuri na filta mpya. Imwage baada ya kilomita 1,000 au 2,000, na urudie hivyo mara kadhaa kabla ya kurudi kwenye ratiba ya kawaida. Visafishaji vilivyomo ndani ya oili vitaliondoa tope lililobaki taratibu, na vitalibeba hadi kwenye filta likiwa laini. Njia hii inachukua miezi na inahitaji uvumilivu, lakini sijui nyingine iliyo salama zaidi kwa injini ambayo historia yake haijulikani. Taa ya oili ikiwaka katika kipindi hicho, zima injini hapohapo ulipo.

Gari langu la dizeli lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Je, nikiongeza dawa ya oili yenye zinki nyingi nitalilinda? (Msomaji, Mombasa)

Utakiumiza kichujio. Masizi yanayokusanyika humo huchomwa na gari lenyewe, lakini majivu yatokanayo na madini ya oili, yakiwemo ya zinki na kalisiamu, hayaungui na hubaki humo daima. Magari ya aina hiyo mengi hutakiwa kutumia oili yenye majivu machache, kwa mfano ACEA C3, ambayo majivu yake hayazidi asilimia 0.8. Chupa moja ya dawa yenye madini mengi inaweza kuuvuka mpaka huo. Wenye magari madogo ya petroli yenye tabo na sindano za moja kwa moja, zinazonyunyiza petroli ndani ya silinda, nao wachukue tahadhari, maana kalisiamu ikizidi kwenye oili huchangia petroli kuwaka kabla ya wakati injini inapovuta kwa mzunguko mdogo, hali inayoweza kuvunja pistoni. Daraja la API SN Plus la mwaka 2018 lilitolewa kwa sababu ya tatizo hilo.

Nataka kununua gari kwa mtu binafsi. Nitajuaje kama limemiminiwa dawa ili linyamaze siku ya kuuzwa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Swali hili ni la haki, na anayemimina dawa kwa kusudi hilo anamwibia mnunuzi. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, na ufike asubuhi. Gusa boneti kuhakikisha ni baridi. Chomoa dipstiki uone oili inavyodondoka: ikivutika kama uzi na kuchelewa kukatika, huku muuzaji akikuambia kuwa ni oili nyepesi ya kawaida, una sababu ya kumhoji. Mwambie muuzaji aliwashe gari wewe ukiwa umesimama nyuma mahali unapoiona ekzosi, na usikilize kama kuna mgongano unaodumu kwa sekunde kadhaa kabla ya oili kufika juu.

Kisha liendeshe kwa nusu saa au zaidi, hadi oili ipate moto kabisa, kwa sababu hata oili iliyoongezewa uzito hulegea kwa joto, na kelele iliyofichwa huanza kusikika tena. Ukipata mteremko, ushuke ukiwa umeachia mafuta, halafu kanyaga na utazame kwenye kioo kama unatoka moshi wa bluu. Mwisho, mpeleke fundi wako mwenyewe apime kompresheni na achungulie chini ya kifuniko cha oili. Muuzaji anayekuharakisha au anayekataa vipimo hivyo, achana na gari lake hata kama bei inavutia. Ukilinunua, mwaga oili iliyomo na ubadilishe filta kabla ya kulisafirisha mbali, na katika wiki za kwanza pima oili kila siku injini ikiwa baridi.